Benchi la Karibu na Mlango

Baraka, Jumapili, tarehe 15 Februari 1976

Kwa Shangazi yangu mpendwa Constance, huko Kalemie,

Leo naapa kukuambia yote. Barua zangu zote za nyuma niliziandika mezani, Baba akisoma juu ya bega langu na kusahihisha nukta na herufi kubwa. Hii naiandika nyuma ya jiko la Koko, daftari likiwa juu ya magoti, na hakuna atakayeisahihisha. Ukikuta kosa, vumilia.

Kwanza nakusalimu. U hali gani, Shangazi? Mgongo umepoa, au bado unakuuma ukisimama sana hospitalini, katika nyumba ya wazazi? Watoto mnaowapokea usiku na mchana, wanatoka wazima? Mjomba Jacques hajambo, na wale mapacha, wameacha kugombania kijiko kimoja? Nawaza habari zenu kila mara mtumbwi wa Isidore unaporudi kutoka kwenu.

Hapa Mama ni mzima. Koko Adolphine, mama yako, ni mzima, isipokuwa kikohozi cha asubuhi. Ziwani ndagala wamekuwa wengi mwezi huu, hata paka wanachagua. Mihogo ya juu ya mlima imekomaa. Baba ni mzima wa mwili. Kwa kawaida hapa ningeandika kwamba sote tu wazima kwa neema ya Mungu. Leo siandiki hivyo, maana ungekuwa uongo, nami nimeapa.

Juu ya bahasha utaona nimeandika jina lako jipya, lile ambalo serikali inalitaka badala ya la ubatizo. Humu ndani wewe ni Constance, na mimi ni Suzanne, na huyu nitakayekueleza habari zake ni Pulchérie, mdogo wangu, aliyebatizwa kwa jina hilo na atakayeitwa hivyo na mimi hata wakija na askari.

Unamkumbuka Pulchérie kama mtoto wa miaka kumi aliyekuwa anaanzisha nyimbo kabla mwalimu wa kwaya hajainua mkono. Sasa ana miaka kumi na tano. Tangu mwezi wa kumi ameanza kuzimika. Sijui neno lingine. Asubuhi anaamka lakini hainuki. Nywele zake ameacha kusuka. Chakula anakigusa, anakirudisha. Nilimuuliza inakuwaje, akaniambia ni kama kutembea ndani ya ziwa, maji yakiwa kiunoni, mchana kutwa, na watu wote wengine wako juu ya mchanga wanamuuliza mbona haendi upesi.

Watu wametafuta sababu kama wanaotafuta kuku aliyeibwa. Mama wa jirani wanamtazama tumbo. Wengine wanasema amelogwa na mwanamke wa Kazimia ambaye hata hamjui. Wengine wanasema anaringa. Mimi nimeishi naye chumba kimoja tangu azaliwe, na ninakuambia: hakuna mimba, hakuna mvulana, hakuna mtu aliyemtenda ubaya. Uzito huo ulikuja tu, ukakaa.

Shuleni mambo ni mabaya zaidi. Somo la dini limeondolewa, na mahali pake kila asubuhi tunacheza na kuimba mbele ya bendera kusifu Chama. Lazima ucheze kwa furaha. Ndiyo amri, kwa furaha. Pulchérie hakuweza. Alisimama mikono ikining'inia. Mkuu wa shule akamwita mbele ya wote: "We, nani amekufa kwenu?" Wanafunzi wakacheka. Akampigisha magoti juu ya changarawe mpaka kengele ya saa nne, eti asiyecheka mbele ya bendera amemkataa aliyeipandisha. Tangu siku hiyo darasa lote wanamwita Mama Matanga, kana kwamba yeye ndiye mwenye kilio cha mji mzima. Niliwachukia. Lakini nilijiambia kwamba hao ni watu wa Chama, kazi yao ni hiyo. Tunalo kanisa.

Sasa nafika mahali pagumu, Shangazi, na mahali hapo nipo mimi.

Jumanne ya juma lile la kabla ya Meza ya Bwana tulikuwa ziwani tunasugua masufuria. Pulchérie akaniambia, bila kuinua uso, kwamba kila siku anamwomba Mungu amchukue akiwa usingizini, na kwamba Mungu asipofanya hivyo labda itabidi afanye yeye.  Nami, mwanafunzi mzuri, niliyefundishwa vizuri, nikampa jibu nililofundishwa. Nikamwambia: "Ijumaa ukienda mbele ya wazee, sema kweli. Ndiyo kazi yao. Watakuombea."

Desturi ile unaijua, haijabadilika hata kidogo. Ijumaa kabla ya Meza kila mtu anapita katika chumba kile cha nyuma. Wazee watano wameketi. Mzee Anatole anauliza kama una amani, wewe unajibu kwamba una amani, Baba, karani wao, anaandika jina lako, unapewa karata ya kuonyesha mlangoni Jumapili, anaingia mwingine. Wanawake waliotukanana asubuhi kisimani wanajibu kwamba wana amani. Wanaume wenye wake wa siri huko Misisi wanajibu kwamba wana amani. Sijawahi kusikia mtu akijibu tofauti.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, mlango ukiwa wazi, nikasikia kila neno.

"Uko na amani na Mungu na batu?" Mzee Anatole aliuliza macho yakiwa juu ya karata.

"Hapana, Mzee."

"Umegombana na nani?"

"Hakuna muntu. Ni mi mwenyewe. Sitaki tena kuishi. Ninaomba Mungu anikamate, naye hanikamate."

Mbele yao palikuwa na kiti kitupu, Shangazi. Hakuna aliyemwambia akae. Hakuna aliyemuuliza imeanza lini, au kama anapata usingizi, au kama amekula. Mzee mmoja alisema, "Iko na mimba huyu." Mwingine akasema ni pepo, na alisema kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha. Mzee Anatole akatoa hukumu: kutamani kufa ni kumtukana Mungu aliyetupa pumzi, na mwenye kumtukana Mungu hawezi kukaribia Meza. Miezi mitatu. Hataimba, hatakula Meza, atakaa kwenye benchi la waliotengwa, lile la karibu na mlango, lenye mguu uliofungwa kwa waya.

Baba akafungua kitabu cha wazee akaandika. Nilimwona. Aliandika jina la binti yake kwa mwandiko ule ule mzuri aliotufundishia kuandika, kalamu ikishuka nene na kupanda nyembamba. 

Pulchérie alipita mbele yangu akitoka. Hakulia. Alisema tu, "Nimesema kweli, Dada, vile ulisema." Maneno hayo yamekaa ndani yangu kama mwiba wa samaki.

Zamu yangu ilipofika nikaulizwa kama nina amani. Nikajibu kwamba nina amani. Ndiyo, Shangazi. Nikapokea karata. Na Jumapili ile nilisimama na kwaya, nimevaa kitambaa cha buluu cha kwaya, nikaimba, huku mdogo wangu ameketi mlangoni na watu wanaochelewa wakimruka miguu. Nimeapa kukuambia yote, na hilo ni sehemu ya yote.

Alhamisi alianza kugawa vitu vyake. Alinipa kitambaa chake cha kwaya. "Vaa we, mi sitaimba tena." Alimpa mtoto wa jirani kalamu yake. Alikunja sare yake ya shule akaiweka juu ya kitanda cha Mama. Nilidhani ni hasira ya kutengwa. Mtu akigawa vitu anavyovipenda, sasa najua maana yake, na ninataka kila mwenye mdogo ajue.

Jana Jumamosi tulikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, kukata majani ya barabara, kila mtu na jembe lake, hata wagonjwa. Tulipokuwa tunarudi Pulchérie hakuwepo kati yetu. Niliacha jembe njiani nikakimbia. Nilimkuta ufukoni, upande usioendwa na watu. Sitaandika alichokuwa amenuia. Kilikuwa hakijafanyika. Nikaketi karibu naye, pumzi hakuna, na kwa mara ya kwanza sikutafuta jibu zuri.

"Pulchérie, unataka kujiua?"

Akanitazama. "Eeh."

"Leo?"

"Leo." Kisha akasema, "Usinikaripie, Dada."

"Sikukaripie. Nitakaa tu hapa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uchoke kuniona."

"Nilishachoka kukuona tangu nizaliwe."

Shangazi, huo ulikuwa utani! Mdogo sana, kama moto wa jivu, lakini ulikuwa utani wake wa zamani. Nikacheka, nikalia, vyote pamoja, naye akalia pia, na hicho kilio ndicho kilichomwinua kutoka pale. Tulikwenda moja kwa moja kwa Eugène, mwuguzi wa zahanati. Yeye ni Mkatoliki, na Mzee Anatole husema Wakatoliki hawajui kuomba. Basi Eugène, asiyejua kuomba, alivuta kiti kwanza. "Kaa, mama," alimwambia. Alimpa maji. Kisha akamsikiliza mpaka mwisho, na wagonjwa wa malaria wakangoja nje.

Alituambia kwamba huu ni ugonjwa. "Muntu wa malaria, munamuuliza amefanya zambi gani?" Dawa yake hana, zahanati ina kwinini na aspirini tu, na hata hizo zinakwisha. Lakini alisema asiachwe peke yake hata kidogo siku hizi, arudi kwake kila baada ya siku mbili, na vitu vyote vya hatari viondolewe nyumbani. Mimi nilikiri kwamba nilimuuliza waziwazi, na kwamba niliogopa labda nimemtia wazo hilo kichwani. Akatikisa kichwa. "Wazo alikuwa nalo. We umemusaidia kulibeba."

Nilimweleza Baba. Akainuka, akazunguka nyumba yote na jiko, akakusanya vitu vile mwenyewe na kuvipeleka kwa jirani. Nikadhani amefunguka. Nikamwomba aende kwa wazee, jina lifutwe. Akanijibu kwamba kilichoandikwa katika kitabu cha kanisa hakifutwi kwa sababu ni binti wa karani, watu watasema nini.

Hapo hasira ilinipanda, Shangazi, na mpaka sasa haijashuka. Nimesoma habari za nabii Eliya. Yeye naye alichoka, akamwomba Mungu roho yake itoke. Mungu alimwita mbele ya wazee? Alimwandika katika kitabu? Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji, akala, akalala tena, akala tena, kwa kuwa safari ilikuwa imemzidi. Kwanza chakula na usingizi, maneno baadaye. Wazee wetu wamehubiri habari hiyo mara ngapi? Na mtoto alipowajia akiwa na maneno yale yale ya nabii, walimnyima hata ule mkate wa Meza! Nawauliza, na nitawauliza mpaka wanitenge: Bwana aliiweka Meza kwa ajili ya wale wanaojibu kwamba wana amani?

Wala usifikiri nimemkasirikia Mungu. Ninamkasirikia kila mtu aliyesimama mlangoni pake.

Sasa nikueleze ya leo asubuhi, maana ndiyo yaliyoleta barua hii.

Sikuvaa kitambaa cha buluu. Niliingia na Pulchérie, nimemshika mkono, tukaketi wote wawili kwenye benchi la karibu na mlango. Kwaya walinikonyeza niende, nikakataa. Katikati ya wimbo wa kwanza Mzee Anatole alishuka kutoka mbele, viatu vikilia, mpaka kwetu.

"Suzanne, fasi yako iko kule, na bengine ba kwaya."

"Fasi yangu iko hapa, Mzee."

"We hukutengwa."

"Basi munitenge. Mi ndiye nilimuambia aseme kweli."

"Hicho ni kiburi, mutoto wa kike."

"Ni hasira, Mzee. Kiburi kilikuwa Jumapili iliyopita, wakati niliimba."

Wimbo ulikuwa umekatika bila mtu kuukata. Ndipo nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Koko alikuwa ameinuka kwenye benchi la mbele la mama wazee, pale alipokaa miaka yote ninayoikumbuka, naye anakuja, polepole, kati ya mabenchi ya wanaume na ya wanawake. Alifika akamgusa Mzee Anatole kwa fimbo kwenye mguu, kama mtu anavyoondoa mbuzi njiani.

"Ondoka kidogo, Anatole. We batoto, songeni."

Tukasonga. Akaketi. Benchi likalia kwenye ule waya. Akasema, si kwa kelele, lakini kanisa zima lilisikia: "Hapa alikuwa anakaa Constance wangu. Hapa hapa. Alikuwa na miaka kumi na sita, na maneno yake yalikuwa haya haya ya huyu mutoto. Mi nikabaki kule mbele, nikaimba. Leo siimbi."

Baba alikuwa amesimama mbele na kitabu, tayari kusoma majina ya waliotengwa, kama inavyosomwa kila Jumapili. Alimtazama Koko, mama yake. Kisha akakifunga kitabu bila kusoma hata jina moja, akaketi. Sijui ilikuwa toba au ilikuwa aibu. Chakula cha mchana hakula. Sasa hivi yuko ndani, nasikia anatembea kutoka ukuta hadi ukuta.

Tulipokuwa tunarudi, Koko katikati yetu, Pulchérie akasimama ghafla njiani.

"Koko, Constance gani? Shangazi ule wa Kalemie?"

"Niko na Constance ngapi?"

"Ule anacheka mpaka jirani wanagonga ukuta?"

"Yeye."

Alitembea tena hatua chache. Akauliza, "Na eko hai?" Koko akamwambia jibu analo mwenyewe, kile kitenge alichokivaa Noeli kilitoka kwa nani?  Tulipofika nyumbani Pulchérie alikula bugali na ndagala, mkono mzima, nikamhesabia matonge kwa siri kama mchawi. Matonge saba. Huo ndio mwujiza wangu wa leo na siuuzi kwa mtu.

Nisamehe, Shangazi, nikikuambia kwamba na wewe nimekukasirikia. Umetutumia vitenge, sabuni, picha za mapacha, na kila Noeli barua ndefu ya kuchekesha. Hili hukututumia. Kama ungetuambia, Jumanne ile ziwani ningekuwa na kitu bora cha kumpa mdogo wangu kuliko jibu la darasani. Labda ulifikiri kwamba likinyamaziwa litakufa. Halikufa, lilikuwa linamngojea Pulchérie kwenye benchi lile lile. Hata hivyo, tangu asubuhi, kila nikikumbuka kicheko chako, hasira yangu inapata dirisha.

Simwombi mtu mwingine. Mzee Anatole atasema lake, na mimi bila shaka jina langu litaandikwa Ijumaa ijayo. Sawa, nitakaa benchi lile mpaka tujaze. Eugène anafanya analoweza. Koko amehamia chumbani kwetu, analala kati yetu kama ukuta, na anakoroma, kwa hiyo hakuna anayeweza kutoka bila sisi kujua. Lakini hakuna kati yetu aliyetoka ndani ya maji hayo kwa miguu yake. Wewe ulitoka. Mwandikie yeye, si mimi. Usimwandikie mahubiri.

Isidore anaondoka kesho asubuhi na barua hii chini ya magunia ya ndagala. Atalala kwenu siku mbili na kurudi. Nimemwambia asipandishe mguu mtumbwini bila jibu lako, akasema, "Mi ni posta ya serikali?" Nikamwambia ni afadhali yeye, posta ya serikali ingefika tukiwa wazee.

Nisalimie Mjomba Jacques sana, na mapacha, kila mmoja salamu yake wasigombanie moja. Mama anakusalimu. Koko anasema anakuomba msamaha, na kwamba neno hilo atakuambia tena kwa kinywa chake akikuona. Baba hajasema nikusalimie, lakini sasa hivi amepita hapa, akaona jina lako juu ya karatasi, akasimama, akaniacha niendelee.

Mungu aliyekulinda ulipokuwa umekaa peke yako mlangoni aendelee kuilinda nyumba yako, na mikono yako inayopokea watoto wa watu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Suzanne

N.B. Nimemsomea Pulchérie barua yote. Ameniomba nimwachie mstari mmoja aandike kwa mkono wake. Huu hapa:

Shangazi, ulipokalishwa kwa ile benchi, asubuyi ya kesho yake uliamuka namna gani?